Filta ya lita 300, tangi la lita 12: kisa cha beta wa Makorora

Video ilinifikia usiku, sekunde kumi na moja tu. Samaki mwekundu amejibanza nyuma ya filta, kati ya plastiki na kioo, mkia umekunjana kama mwavuli uliofungwa. Chini yake mpwa wangu kaandika: "Mjomba, Mgosi kajificha tangu juzi. Chakula hataki. Nimfanyeje?"

Mgosi ni jina la samaki, na samaki mwenyewe ni wa aina ya beta. Kijana ni wa Coastal Union damu, timu yetu ya mpira inayoitwa Wagosi wa Kaya, hukosi kumkuta uwanjani Mkwakwani, na alipopata samaki wake wa kwanza wa mapambo hakufikiria mara mbili amwite nani.

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote, pamoja na sehemu nilizokosea, kwa sababu kila wiki napata swali la namna hii na jibu linalotembea mitaani ni moja: "zima filta, beta hahitaji filta." Jibu hilo ndilo lililotaka kumuua Mgosi, na hakuna aliyempa mpwa wangu ushauri huo. Lilijitokeza lenyewe ndani ya nyumba, kwa njia ambayo hadi leo ikinijia nacheka peke yangu.

Mimi ni fundi vioo hapa Ngamiani, Tanga. Madirisha ndiyo yanayonilisha. Matangi ya samaki nayakata jioni kwa mapenzi. Tangi la Mgosi nililikata mwenyewe kwa mabaki ya kioo cha milimita 5: urefu sentimita 30, upana 20, kimo 25. Maji yanasimama sentimita 20, kwa hiyo ndani mna lita 12. Hapo pana kosa la kwanza la kisa hiki, na ni langu. Nilikata kwa kipimo cha kioo nilichokuwa nacho badala ya kipimo alichohitaji samaki. Lita 20 kwenda juu ndiyo ningepaswa kumpa, na si kwa ajili ya uchafu tu. Katika tangi refu mkondo wa filta hupata mahali pa kuchokea. Katika sentimita 30 haupati. Unagonga kioo cha pili ukiwa bado na nguvu zake, unarudi.

Samaki na filta vilikuja kwa basi kutoka Dar. Kijana alikusanya pesa za Idi, akaagiza, muuzaji akamfungia beta kwenye mfuko na filta ya kuzamishwa kwenye boksi. Juu ya boksi pameandikwa lita 300 kwa saa, wati 4. Mtoto wa kidato cha pili akiona lita 300 anaona ubora. Hata mtu mzima angeona hivyo.

Sasa huyu beta ni samaki wa aina gani? Asili yake ni Thailand, kwenye mashamba ya mpunga, mitaro na vinamasi, maji mafupi yaliyojaa majani na yanayokwenda kwa uvivu. Jina lake la kitaalamu, Betta splendens, alipewa na Regan mwaka 1910, na mwaka 2019 Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Mbali na matamvua, ana kiungo kingine kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja. Ndiyo maana utamwona kila baada ya muda anapanda, anagusa uso wa maji kwa mdomo, anashuka. Kumzuia asifike juu ni kumziba pua.

Beta wa porini ana mapezi mafupi. Haya marefu yanayopepea kama pazia yametengenezwa na wafugaji, kizazi baada ya kizazi, kwa kuchagua. Yanapendeza macho lakini mwenyewe yanamlemea. Mvalishe mtu kanzu ya kuburuza umwambie avuke mto Zigi. Akifika ng'ambo, muulize kanzu iko hali gani.

Kesho yake jioni nikaenda Makorora. Kijana anakaa kwa mama yangu, yaani kwa bibi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kumtibu samaki?" Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Mie magoti yananiuma mwezi wa pili huu, sijaona mtu kukimbia."

Nikaomba radhi, nikakaa naye kidogo, ndipo nikaingia ndani. Tangi lilikuwa juu ya meza ya sebuleni, karibu na soketi, kwenye ukuta unaopakana na chumba anacholala mama. Kumbukeni hilo.

Kabla sijagusa chochote nilivuta kigoda nikatazama kwa dakika ishirini. Hili nalisisitiza kwa kila anayenipigia simu: kaa utazame, weka mkono mfukoni. Samaki mdogo akiona mkono ndani ya maji anabadilika tabia, na unachokiona si ugonjwa tena, ni woga.

Nilichokiona ni hiki. Filta imebandikwa kona ya kushoto, mdomo wake umeelekea kulia, sentimita mbili chini ya uso wa maji. Mgosi alitoka mafichoni mara tatu kufuata hewa. Kila alipopanda, mkondo ulimkamata ubavuni kwenye mapezi, ukamzungusha, ukamtupa hadi kioo cha kulia. Mara ya pili alifika juu, akafungua mdomo, akasukumwa kabla hajavuta. Akashuka, akaenda chini kabisa akikokota tumbo kwenye kokoto, akazunguka kurudi nyuma ya filta. Kwa nini ajifiche kwa adui yake? Kwa sababu nyuma ya filta ndipo mahali pekee pasipokuwa na mkondo. Wengi huona beta kaganda pale wakadhani kanaswa na mdomo wa kuvutia maji. Yeye kakimbilia kivulini.

Halafu nikasaga punje moja ya chakula kwa kidole nikaiachia juu katikati. Chembe zilikwenda kulia kama zimepigwa na upepo wa kusi, zikashuka na kioo, zikarudi kushoto kwa chini, zikapanda. Tangi zima lilikuwa gurudumu moja. Hata kona moja haikutulia.

Mapezi yake yalikuwa yamepasuka mahali patatu, mipasuko iliyonyooka kutoka ukingoni kuelekea mwilini, kama kitambaa kilichonaswa na msumari. Hiyo ni alama ya mkondo, au ya kitu chenye makali ndani ya tangi. Lakini kwenye ukingo wa mkia niliona pia uzi mwembamba mweusi, na ncha zake zimemong'onyoka. Ule weusi haukunipendeza. Mkondo hupasua, haulambi ukingo. Nikaweka moyoni, nikasema tuanze na linaloonekana. Kosa la pili hilo.

Tukapima filta. Namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haina sponji wala uchafu, kwa hiyo usiiamini hadi uone mwenyewe. Tulichomeka kipande cha mpira kwenye mdomo wa kutolea maji, mwisho wa mpira tukaushika usawa uleule wa maji ya tangini, nje. Ukiushusha chini ya hapo maji yatajivuta yenyewe na kipimo kitakudanganya. Ukiuinua, utaionea pampu. Kijana akashika jagi la lita moja, mimi nikashika simu. Sekunde 15. Ni lita 240 kwa saa. Tangi la lita 12 maana yake maji yote yanapita kwenye filta mara 20 kila saa. Wafugaji wengi husema mara 4 hadi 6 zinatosha tangi la kawaida.

Hapo ndipo watu wengi husimama: "Mara 20! Ni nyingi, nunua filta ndogo." Mimi sikubaliani na kusimama hapo. Hiyo mara 20 inakwambia maji mangapi yamepita, haikwambii yamepita kwa kasi gani, na samaki hasukumwi na wingi, anasukumwa na kasi. Mdomo wa filta ile ni tundu la milimita 10. Eneo lake halifiki sentimita moja ya mraba, ni kama 0.79. Lita 240 kwa saa ni takriban sentimita za ujazo 67 kila sekunde. Gawanya: maji yanatoka pale kwa kasi ya sentimita 85 kwa sekunde. Tangi lina urefu wa sentimita 30. Kasi hiyo hupungua kadiri mkondo unavyosonga mbele, sawa, lakini kwa samaki mwenye mwili wa sentimita tano aliyevaa kanzu, hayo ni mafuriko.

Ukiyatoa maji yaleyale kwenye tundu kubwa zaidi, au matundu mengi, kasi inashuka bila kupunguza hata tone la kazi ya kusafisha. Mwenye kumwagilia bustani anajua: akiziba mdomo wa mpira kwa dole gumba maji yanaruka mbali, akiachia yanaanguka miguuni. Maji ni yaleyale.

Jioni ile nilifanya la haraka. Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita, nikakata kitako na shingo, nikapasua ubavu, nikaivisha kwenye mdomo wa filta ili mkondo ugonge plastiki na kutawanyika pembeni. Chembe za chakula zikapunguza mbio. Mgosi alitoka, akapanda, akavuta hewa, akashuka bila kutupwa. Kijana akanikumbatia. Nikala pilau kwa mama, nikarudi nyumbani nikijiona bingwa.

Siku ya nne ikaja picha. Mipasuko ilikuwa haijaongezeka, lakini ukingo mweusi umepanda, mkia umepungua karibu robo, na samaki analala chini, matamvua yanapiga haraka haraka. "Mjomba anakwisha huyu."

Sasa hapa hesabu zangu zilikuwa haziendi. Mkondo umevunjwa. Kama mkondo ndio uliokuwa mwuaji, mgonjwa angepata nafuu. Anapozidiwa baada ya mkondo kuvunjwa, tafuta kwenye maji.

Nilikuwa na chupa za kupimia maji, zile za matone, nilizoagiza Dar mwaka juzi. Nikazichukua. Amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi cha samaki: 1. Kwenye tangi lililokaa sawa inatakiwa isome 0. Nitriti ilianza kuonekana, 0.25. Kipimo cha uchachu wa maji, yaani pH, 7.6, na hilo linaongeza ubaya, maana amonia huwa kali zaidi kadiri kipimo hicho kinavyopanda na maji yanavyopata joto. Matamvua yanayopiga mbio yakapata maelezo, na ule weusi wa ukingoni pia. Amonia huunguza ngozi laini, na mapezi yaliyokwishapasuka ndiyo hushambuliwa mwanzo.

Tangi lilikuwa na wiki saba. Filta ya wiki saba inayofanya kazi mchana na usiku, samaki mmoja, chakula punje nne kwa siku: amonia inatoka wapi?

"Unaizima filta?"

"Hapana mjomba. Wallahi. Nikiamka asubuhi naikuta inavuma, nikilala naiacha inavuma."

Nikaichomoa, nikafungua. Sponji ilikuwa na ute wa kijivu, nikaileta puani. Yai viza. Harufu hiyo haipatikani kwenye sponji inayopitiwa na maji muda wote. Inapatikana pale maji yanaposimama hata hewa iliyoyeyuka ndani ikaisha. Nikainua macho nikamwuliza tena mpwa wangu, safari hii kwa sauti kubwa kidogo, kama umeme unakatika usiku.

Jibu likatoka jikoni.

"Umeme haukatiki. Naizima mie."

Tukatazamana. Mama akaja akifuta mikono kwenye kanga. "Ninapokwenda kulala, saa nne, naizima pale ukutani. Nikishaswali alfajiri naiwasha, mtoto asije akalia. Zamani nilikuwa naizima siku mojamoja. Lakini tangu ulipoivisha hilo lichupa lako, baba, linagonga kwenye kioo usiku kucha, trrrr, trrrr, kama panya kwenye kabati. Nani atalala? Na LUKU nani ananunua? Samaki hauzwi, haliwi, anakula umeme tu."

Haya. Chupa niliyoiweka mimi kumwokoa samaki ilitetemeka ikigusa kioo, mtetemo ukapita mezani hadi ukutani, ukamwamsha mama, mama akazima filta kila usiku kwa saa saba na nusu, na maji yakaharibika. Mwuaji nilimbeba mwenyewe toka Ngamiani.

Kwa nini kuzima usiku kuwe na ubaya huo, na beta mwenyewe anavuta hewa ya juu? Kwa sababu anayeishi ndani ya filta si beta. Ndani ya sponji mnaishi bakteria wanaokula amonia inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, wakaigeuza nitriti. Wengine wanaichukua nitriti wakaigeuza nitrati, ambayo haina ukali ule na unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanahitaji oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji yanayowapitia. Beta atapanda juu akavute hewa. Wao hawana pa kupanda. Saa moja au mbili za umeme kukatika wanavumilia. Saa saba na nusu, usiku baada ya usiku, ndani ya boksi la plastiki lenye uchafu, wanakufa, na wanapokuja wengine wanaopenda maji yasiyo na hewa ndiyo unapata yai viza. Halafu alfajiri swichi inawashwa, na mchuzi wote ule uliolala ndani ya filta unamwagwa kwa samaki kwa mkupuo.

Tulianza na maji. Kijana alikuwa akibadilisha mara moja kwa wiki. Nikamwambia lita 3 kila siku, kwa siku saba. Maji ya bomba yanawekwa kwenye ndoo wazi tangu jana yake ili klorini itoke, na yawe na joto sawa na la tangi. Ya kisima tuliyaacha, kisima cha pale kina chumvi. Sponji tulikamua ndani ya bakuli la maji yaliyotolewa tangini. Ukiisafisha chini ya bomba, klorini inakumalizia hata bakteria wachache waliosalia, na kuna watu hufanya hivyo kila Jumamosi kwa nia njema kabisa, halafu wanashangaa.

Mkondo sasa. Chupa ikaenda kwenye taka. Nilitaka kitu kisichogusa kioo, kisichotetemeka, na chenye matundu mengi. Nikakata sentimita 18 za bomba jeupe la mafundi umeme, la milimita 20. Mwisho mmoja niliupasha kwa kiberiti cha gesi ukalainika, nikaubana kwa koleo ukafunga. Upande mmoja nikatoboa matundu 14 kwa biti ya milimita 4, kila tundu nikalikwangua kwa kisu ndani na nje, maana vinyweleo vya plastiki vinavyobaki vinapasua pezi kama wembe. Kuunganisha na mdomo wa filta nilitumia kipande cha tyubu ya baiskeli kilichooshwa vizuri. Tyubu Tanga hukosi, kila nyumba ina baiskeli iliyostaafu. Mpira ule ulifanya kazi mbili: ulishika, na ulimeza mtetemo.

Bomba lililazwa kwa urefu wa kioo cha nyuma, sentimita moja chini ya uso wa maji, matundu yakielekea kioo chenyewe na kwenda juu kidogo. Maji yanatoka, yanagonga kioo hapohapo, yanajifia. Mkondo mwembamba hufa upesi kuliko mnene. Wa milimita 4 hauna safari ndefu. Filta ina kiwiko kidogo cha kupunguza nguvu, nikakigeuza hadi nusu, na kwenye mdomo wa kuvutia nikavisha sponji nyingine nyembamba ili mapezi yasinyonywe. Tukapima tena kwa jagi. Sekunde 36 kwa lita, yaani lita 100 kwa saa, mara 8 na kidogo kwa saa. Matundu 14 kwa pamoja yana eneo la sentimita za mraba 1.76. Kasi kwenye tundu: sentimita 16 kwa sekunde, kutoka 85.

Bado ni zaidi ya mara 4 hadi 6, na nimeiacha hivyo makusudi. Chembe za chakula nilizoachia zilikaa juu zikitembea taratibu, na kona ya mbele kulia hazikutembea kabisa. Hiyo kona ndiyo niliyokuwa naitafuta. Kuna wanaoibana filta hadi maji yanatoka kama machozi. Baada ya wiki wanaona utando wa mafuta juu ya maji na sponji inanuka, kwa sababu mkondo ukipungua sana bakteria wanakosa hewa kana kwamba umezima. Kwa hiyo nabana hadi samaki afike juu kwa raha yake, hapo nasimama, hata kama jagi linasema namba nyingine.

Likabaki la mama. Sikumwambia habari za bakteria. Nilichukua kalamu. Wati 4, saa 24, siku 30: hazifiki uniti 3 kwa mwezi. Kuzima kwake usiku kulikuwa kunaokoa uniti 0.9.

"Moja haifiki?"

"Haifiki. Pasi yako ya wati 1000 ukinyooshea saa moja, imeshapita hapo."

Akafikiri. "Na kelele?"

Nikamwambia alale, aniambie kesho. Kesho yake alikuwa hajasikia kitu, akaniuliza kama nimeing'oa. Hata hivyo nilitoa filta kwenye kioo cha upande wa ukuta nikaihamishia cha upande wa pili, na chini ya tangi tukatandika kipande cha mkeka. Kwa mama yangu ni vizuri kujihami.

Dawa sikutia. Niliulizwa sana kuhusu hilo baadaye. Ukingo mweusi ukitokana na amonia, ondoa amonia kwanza utazame. Dawa nyingi za mapezi zinaua na bakteria wa sponji, ukarudi ulikotoka. Kama ungekuwa na pamba nyeupe au wekundu unaopanda kuelekea mwilini ningefikiri vingine. Nilichotia ni jani la mti wa mkungu, ule unaozaa kungu. Wafugaji wa beta ughaibuni wanayanunua majani haya kwa pakiti, yamekaushwa na kupigwa chapa, na sisi hapa tunayafagia. Mtoto akaokota moja kavu kabisa, la rangi ya kahawia, chini ya mkungu uleule anaoponda kungu, akaliosha, akalilowesha, akalitia. Maji yakawa kama chai nyepesi. Jani hutoa tanini, ile rangi ya chai, hushusha kidogo pH ya maji na kuwabana vijidudu, lakini kwangu faida kubwa ilikuwa nyingine: lilielea kwenye ile kona tulivu, na Mgosi akapata kitanda sentimita tatu kutoka kwenye hewa. Alilala pale siku mbili bila kuhangaika. Ule ndio usingizi aliokuwa anaukosa.

Siku ya sita amonia ilisoma 0.25. Siku ya kumi na nane, amonia 0, nitriti 0, nitrati 10. Kwenye ukingo wa mkia palianza kuota ngozi nyembamba isiyo na rangi, kama karatasi ya nailoni. Ndivyo pezi linavyorudi, rangi hufuata baadaye. Mpasuko mmoja uliungana vibaya ukaacha kunjo. Atakaa nalo.

Nikiulizwa ningeanzaje kama tangi lingekuwa jipya, jibu langu ni filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, haina mdomo wa kurusha maji kabisa. Nayo ina kosa lake: ikipewa hewa nyingi inachemsha tangi zima kama sufuria ya uji. Usiibane pampu yenyewe, unaichosha. Weka kiungo cha njia tatu kwenye mpira, njia moja iende kwa sponji, nyingine iachie hewa nje kupitia mpira wa dripu wenye kile kigurudumu cha kubania. Unazungusha kigurudumu kwa kidole hadi mapovu yanapanda moja moja. Mpira wa dripu uwe mpya, wa duka la dawa, na pampu ikae juu kuliko maji, umeme ukikatika maji yasirudi kuingia ndani yake.

Wiki ya nne mpwa wangu akanitumia picha nyingine. Chini ya jani la mkungu, kwenye kona tulivu, palikuwa na kundi la mapovu madogo yaliyoshikana, kundi zima ukubwa wa kitufe cha shati. Beta dume hujenga kiota hicho kwa mate na hewa, ajenge hata kama jike hayupo, na uso wa maji unaochafuka haumruhusu. Nilifurahi nikaenda Ijumaa kukiona.

Sikukikuta. Mama alikuwa amekitoa na kijiko. "Povu la sabuni lile, nani kaosha mikono humo?"

Jumapili Mgosi alikuwa ameshajenga kingine, safari hii upande wa ukuta ambako kijiko hakifiki.